Fundi Kitasa Afungiwa Kisiwani

Mume wangu hufungua milango ya watu, ndiyo riziki yetu, na kwa miaka ishirini na saba ya ndoa sijawahi kumsikia akisema amekosea. Nalitoa hili mapema ili mtu asije akadhani namsingizia huko mbele. Nampenda. Lakini mapenzi hayanizuii kuona.

Mtaani wanamwita Fundi Kitasa. Duka lake lina upana wa mlango mmoja na nusu, limebanwa kati ya mshona viatu na mpiga picha za pasipoti, na mtu mnene akiingia inabidi mimi nitoke. Ndani mna benchi la mbao lililochimbika katikati kwa kuegemewa, jiliwa la chuma la kubania vyuma, tupa za kila ukubwa, na mashine ya kuchongea funguo inayopiga kelele kuliko kazi inayofanya. Ukuta mzima ni misumari, na kila msumari umetundikwa funguo ambazo bado hazijachongwa. Mimi hukaa nyuma kwenye kigoda, nawapokea wateja, nawasikiliza wakieleza walivyopoteza funguo. Hakuna aliyewahi kupoteza mwenyewe. Daima ni mtoto, au mfuko uliotoboka.

Kazi anaijua, hilo sibishani na mtu. Huingiza waya kwenye tundu, hufumba macho, huinamisha kichwa, na kitasa humwambia siri zake zote. Akimaliza kuchonga ufunguo hugonga vitone viwili kichwani mwake kwa msumari, ndiyo saini yake, kwa sababu anataka watu wajue nani wa kumsifu.

Ugonjwa wake ni mmoja tu. Mwaka juzi alifunga duka huku ufunguo ameuacha ndani, fundi wa kufungua milango, mbele ya mshona viatu na wateja wake watatu. Akasimama pale kidogo, akakohoa, akasema alikuwa anakijaribu kitasa. Siku aliyoniambia tukutane hospitali kisha akaenda hospitali nyingine, ikawa ni hospitali ndiyo iliyokaa pabaya. Akinikosea mimi hasemi neno. Huchukua kopo la mafuta na kuanza kulainisha bawaba. Ndiyo maana nyumbani kwetu hakuna mlango unaolia, na mgeni akisifu utunzaji wetu mimi hucheka moyoni, maana najua kila bawaba ni ugomvi gani.

Sasa mtu wa namna hii ndiye aliyepata kuwa mzazi mwenziwe Mwalimu Mkuu.

Kifungua mimba wetu ni binti, muuguzi, na mchumba wake ni mwongoza wageni. Anafanya kazi kwenye kisiwa kile kilichokuwa gereza zamani na sasa ni makumbusho. Kila siku anavusha watu kwa boti, anawazungusha seli kwa seli na kuwasimulia. Kijana mzuri, mwenye sauti ya kutulia. Baba yake ni mwalimu mkuu mstaafu, mwanaume mwenye shingo iliyonyooka tangu asubuhi hadi jioni, ambaye hata leo akiona tangazo limebandikwa mtini hulisoma mpaka mwisho kwa jicho la kusahihisha. Mkewe, Mama Mwalimu, ni mwanamke wa maneno machache na nyuzi nyingi. Popote alipo anafuma kitu, na ukimwuliza ni nini anakwambia bado hajajua.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka ikabaki miezi miwili kabla ya harusi. Hapo Mwalimu akapoteza ufunguo wa nyumba yake akiwa sokoni, akampigia mume wangu simu. Fundi akaenda na waya wake. Majirani walikuwa wamesimama, kwa sababu majirani ndiyo kazi yao, na kabla Mwalimu hajamaliza kueleza, mlango ulikuwa wazi. Angeishia hapo angekuwa shujaa. Lakini alikiangalia kitasa, akakigeuza, akatikisa kichwa.

"Mzazi mwenzangu," akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "hiki hata mbuzi angekifungua kwa pembe."

Majirani wakacheka. Kitasa kile Mwalimu alikinunua mwenyewe, akakifunga mwenyewe, na alikuwa amekisifu mtaa mzima. Alingoja kicheko kiishe, kisha akajibu kwa utulivu wa darasani.

"Mtu anayeingia nyumba za watu bila ufunguo ana jina lake. Tofauti yako na wao ni kwamba wewe una kibao dukani."

Akutukanaye hakuchagulii tusi. Mume wangu alirudi nyumbani uso umemvimba, na kufikia jioni Mwalimu alikuwa ametuma neno kwamba hatasimama ukumbi mmoja na mtu yule mpaka amwombe radhi. Mume wangu naye akasema radhi ataomba aliyemwita mwizi. Ikapita wiki, zikapita tatu. Watoto wetu ni watu wazima, wangeweza kufunga ndoa na kutuacha tukivimbiana, lakini binti yangu alikaa kitandani kwangu na sare yake ya kazi na kuniambia, "Mama, mimi sitaolewa mbele ya kiti kitupu. Bora nisubiri." Na ukumbi ulikuwa unataka jibu kufikia Jumatatu, kuna wengine walikuwa wanaingoja tarehe ileile.

Mama Mwalimu ndiye aliyenipigia. "Dada," akasema, "tuwapeleke kisiwani. Kwenye boti hakuna mlango wa kutokea."

Kijana akatupa tiketi za Jumamosi. Mimi nikamwambia wangu kwamba Mwalimu na mkewe wamesafiri. Yeye akamwambia wake kwamba Fundi ana kazi benki. Mungu atusamehe, hatukuona haya hata kidogo.

Walikutana gatini. Kila mmoja alimtazama mkewe kwanza, kisha akamtazama mwenziwe, na wakasalimiana kwa videvu. Nilimwona mume wangu akigeuka kutafuta njia ya kurudi, lakini nyuma yake palikuwa na familia yenye watoto wanne na kikapu, na wote walikuwa wanapanda. Kwenye boti mmoja akaenda kukaa mbele kabisa, mwingine nyuma kabisa, na mimi na Mama Mwalimu tukakaa katikati na kufuma. Yaani yeye alifuma, mimi nilishika nyuzi.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, ukisimama juu ya ukuta unaona bahari pande zote. Tulikuwa wageni kumi na tisa. Kijana alitupitisha lango la mawe, tukaingia chumba ambamo barua za wafungwa zilisomwa kabla hazijawafikia, na maneno yasiyotakiwa yalikatwa kwa mkasi. Alituonyesha barua moja ndani ya kioo. Ilikuwa ya mke kwa mume, imebaki salamu juu na jina chini, na katikati dirisha. Nilisimama pale kwa muda mrefu. Nilijiuliza yule mke aliandika nini hata mkasi ukala chote, na yule mume alizisoma vipi salamu zile.

Mume wangu alikuwa anachunguza bawaba. "Hizi zinataka mafuta," aliniambia. Mwalimu, upande wa pili wa chumba, alikuwa anamweleza mgeni mmoja ambaye hakuuliza kwamba maelezo yale ukutani yangepaswa kuanza na mwaka. Ilikuwa kama kutembea na watoto wawili walionuniana, kila mmoja anataka umuone yeye tu.

Tukafika kwenye safu ya seli. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa nyeupe, na milango ilikuwa ya chuma kitupu, kila mmoja una kidirisha chini cha kupitishia chakula. Kijana akasimama mbele ya seli ya saba.

"Humu walikaa watu wawili kwa miaka kumi na moja," akasema. "Walipoletwa hawakuwa wanajuana, na mwaka wa kwanza hawakuelewana. Mmoja alikuwa anakoroma, mwingine alikuwa anaimba alfajiri. Baadaye walipotenganishwa, yule mwimbaji aliandika kwamba hapati usingizi bila mkoromo." Watu wakacheka. Yeye akangoja, kisha akasema kwa upole kwamba watu waliteseka mahali hapa na si vizuri tuondoke na kicheko tu. Ndiyo maana kila ziara huomba watu wawili waingie, hufunga mlango kwa dakika moja, na wengine nje hukaa kimya kabisa. "Dakika moja tu. Nani wataingia?"

Watu wakaangalia viatu vyao. Mwalimu akatengeneza koti lake akaingia, kwa sababu maishani mwake hajawahi kuona swali likikosa wa kulijibu. Kijana akauliza tena, na mmoja wa wale watoto wanne akasema, "Yule babu ni jasiri."

Nilijua hapohapo. Mume wangu aliacha bawaba alizokuwa anachungulia. "Dakika moja?" akasema. "Mimi milango ndiyo kazi yangu." Akaingia.

Tunasema fahali wawili hawakai zizi moja. Mama Mwalimu aliacha kufuma.

Kijana akaufunga mlango, akazungusha ufunguo, na lile komeo la ndani likaingia ukutani kwa mshindo ambao niliusikia tumboni. Tukakaa kimya. Upepo ulipita juu ya bati. Huko ndani hapakutoka hata kikohozi. Nadhani kila mmoja alikuwa anaona kwamba anayesema kwanza ameshindwa.

"Dakika imekwisha," ikasema sauti ya Mwalimu. "Nina saa."

"Nafungua, Baba."

Kijana akauzungusha ufunguo. Ulifika nusu, ukakwama. Akaukaza kidogo, na pakasikika mlio mdogo, tak, hata usingemwamsha mtoto. Akabaki ameshika kichwa cha ufunguo mkononi.

"Umekatika," mume wangu akasema kutoka ndani. Hakuona kitu, alisikia tu. "Huo ufunguo umekatika. Na huo ni wa shaba, nimesikia mlio wake. Nani huyo amechonga ufunguo wa shaba kwa kitasa cha uzito huu? Shaba ni ya masanduku ya vito. Mtu wa hivyo hafai kushika tupa. Angefungiwa yeye humu, siyo sisi."

Kijana alikitazama kile kipande, akakigeuza, akanipa. Kilikuwa kinang'aa vizuri. Kichwani mwake palikuwa na vitone viwili.

Nikamwonyesha Mama Mwalimu. Mama Mwalimu akafumba macho.

"Baba mkwe," kijana akasema polepole, ameinama kwenye kidirisha, "hapa juu kuna vitone viwili."

Kisha nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia kabla ya hapo, na mkewe aliniambia hakuwa amekisikia kwa miaka mingi. Kilianza kama mtu anayesafisha koo, kikapanda, kikagonga kuta zile za chokaa na kuturudia. Mwalimu Mkuu alikuwa anacheka.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka mmoja nyuma, karani wa makumbusho alikuja dukani na alama ya ufunguo iliyobanwa kwenye udongo, akataka funguo kumi na mbili za mfano ule, zing'ae, wageni wazipige picha. Mume wangu akachonga za shaba. Anachonga funguo nyingi mno kukumbuka kila moja, na kisiwani hakuwahi kukanyaga.

"Waliniambia ni za kuonyesha," akasema sasa kupitia kidirisha.

"Walikuuliza pia kama zitafungua," nikamjibu. "Nilikuwepo. Ukamwambia karani zitafungua hata mlango wa benki."

Ulimi uliponza kichwa, lakini kichwa hiki huwa hakikubali kwamba kina ulimi.

"Nipe waya," akasema baadaye.

"Waya wa nini? Huko ndani kuna tundu?"

Nilisikia viganja vyake vikipapasa chuma, juu, chini, kushoto, kulia. Hapakuwa na tundu. Aliyeutengeneza mlango ule hakumfikiria kabisa mtu wa upande wa ndani. Fundi aliyefungua nusu ya mji huu alikuwa anapapasa bati tupu kama mtu anayetafuta swichi gizani, na sauti yake iliporudi ilikuwa imepungua. "Hakuna," akasema. Mara hii nilimwonea huruma.

Ufunguo wa asili, wa chuma cha pua, ulikuwa ofisini langoni ndani ya kioo, na kijana aliondoka mbio kuuleta. Lakini usingeingia kabla kile kipande kilichobaki ndani hakijatoka, na boti ya mwisho ilikuwa inaondoka saa kumi. Ilikuwa saa tisa na nusu. Wageni wengine hawakuwa na wasiwasi wowote. Baba wa wale watoto wanne aliniuliza, "Samahani dada, na hii imo kwenye tiketi?" Nikamwambia imo.

Nikapiga magoti mbele ya kitasa. Mama Mwalimu, bila kuombwa, akachomoa sindano yake ya kufumia, ile yenye kulabu nchani, na ile kazi yake ya nyuzi ikafumuka yote. Akanipa.

"Una nini mkononi?" mume wangu akauliza. Alikuwa amepiga magoti na yeye, mdomo wake kwenye kidirisha, chini karibu na goti langu.

"Sindano ya kufumia."

"Kulabu yake nyembamba?"

"Nyembamba."

"Usivute. Ukivuta unakibana. Kipande kimelala, kisimamishe kwanza, kilingane na tundu."

"Najua."

"Tia mafuta."

"Natia." Nilikuwa nimeshakamua mafuta yangu ya kujipaka kwenye kidole. Miaka yote ile kwenye kigoda cha nyuma sikuwa nimelala.

"Tafuta meno yake. Jino la pili lina pengo kubwa, ingiza kulabu hapo, kisha zungusha kurudi nyuma. Taratibu. Mikono yangu leo ni wewe."

Hakuwahi kuniambia hivyo. Jasho liliniingia jichoni. Kulabu iliteleza mara tatu, na mara ya nne nikahisi imeshika. Nikiwa nimeinama vile niliona kupitia kidirisha kitu ambacho hawakujua nakiona. Mwalimu alivua koti lake, akalikunja mara mbili, akalisukuma kwa mguu mpaka chini ya magoti ya mume wangu. Mume wangu aliinua goti moja, kisha la pili, akayaweka juu yake.

"Koti la sherehe," Mama Mwalimu akanong'ona begani kwangu. "Mimi mwenyewe hanipi hata nilishike."

Kipande kikageuka, kikasimama, nikakivuta kidogo kidogo kikatoka, kimepakaa mafuta yenye harufu ya waridi. Wageni wakapiga makofi. Kijana naye akafika akihema, ameshika ufunguo mrefu mweusi mzito, akanipa, nami nikauingiza kwenye tundu. Ukaenea vizuri.

Hapo shetani akaniingia. Nilikuwa na ufunguo mkononi, wanaume wawili wenye vichwa vigumu ndani, na Jumatatu mbele yangu. Nikasimama.

"Sifungui," nikasema.

"Mama watoto," mume wangu akasema, "kipande hakijatoka?"

"Kimetoka. Ufunguo umeingia. Ila sizungushi mpaka mtu aombe radhi. Boti ni saa kumi. Mna watoto wanaosubiri, na mimi nimechoka."

Kijana aliniangalia kwa hofu. Yule baba wa watoto wanne akawanyamazisha wanawe wasikose neno. Namjua mume wangu, ilimchukua muda mrefu, na nikamsikia akivuta pumzi, na nikajua inakuja.

"Basi," akasema. "Naom..."

"Usiseme."

Alikuwa Mwalimu.

"Usiseme, mzazi mwenzangu," akarudia. Hakuwa anacheka tena. "Nimefundisha historia miaka thelathini. Humu ndani watu walisemeshwa maneno mengi kwa sababu mwingine alikuwa ameshika ufunguo. Maneno hayo hayakuwa yao na hayakufaa kitu. Mimi sitaki radhi ya namna hiyo. Mke wako afungue kwanza."

Niliona aibu. Sitaficha, niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilikuwa nimesimama mbele ya mlango ule, baada ya kuiona barua ya yule mke kwenye kioo, nikifanya mchezo uleule. Nikauzungusha ufunguo. Komeo likatoka ukutani, nikauvuta mlango mpaka mwisho.

Mwalimu akatoka wa kwanza, bila koti, shati limetoka kwenye suruali upande mmoja. Wageni wakapiga makofi tena, na chini gatini boti ikapiga honi. Watu wakaanza kuteremka. Kijana akawa anawahesabu, akatazama saa, akatazama mlango.

Mume wangu hakutoka.

Nikafikiri amekasirika. Nikafikiri ndiyo basi tena, nimeharibu kila kitu kwa kiherehere changu, na binti yangu atakuja kujua kwamba aliyevunja harusi yake ni mama yake. Nikachungulia. Alikuwa amekaa juu ya kitanda cha saruji, mikono kati ya magoti, koti la Mwalimu limekunjwa vizuri pembeni yake.

"Mlango uko wazi?" akauliza.

"Uko wazi."

"Kabisa?"

"Baba wee, boti."

"Naweza kutoka nikitaka?"

"Unaweza."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akatazama juu ya bega langu, kwa Mwalimu aliyekuwa amesimama uwanjani akichomeka shati.

"Mzazi mwenzangu," akasema. "Kitasa chako ni kibovu, hilo silifuti. Lakini kukucheka mbele ya majirani zako, mlangoni kwako, wewe ndiye umeniita nikusaidie..." Akavitazama viganja vyake. "Nilikosea. Na huu ufunguo, nilijua shaba haitahimili. Karani aliponiuliza nilijua. Sikupenda tu mtu asikie kuna kitu siwezi. Hapo pia nilikosea."

Boti ikapiga honi mara ya pili. Mwalimu akamaliza kuchomeka shati, akarudi, akanipita mlangoni, akaingia seli ya saba kwa miguu yake mwenyewe.

"Na mimi nilikuita mwizi," akasema.

"Hukuniita. Ulisema nina kibao."

"Ni kulekule. Sikupaswa." Akasimama pale hajui aweke wapi mikono. "Utanitafutia kitasa kingine?"

"Kesho asubuhi."

"Sogea," Mwalimu akasema, akakaa karibu naye kitandani, koti katikati yao.

Kijana alikuwa ameanza kupiga simu hospitali, akimtafuta binti yangu wodini amwambie harusi ipo, hakuna aliyewaza boti tena, na Mama Mwalimu alikuwa amekaa kizingitini anaokota nyuzi zake. Mimi nilibaki nimeushika ule mlango wa chuma. Neno lile, nilikosea, nililisubiri miaka ishirini na saba, jikoni, dukani na kitandani, na siku lilipokuja halikuwa langu, lilikuwa la Mwalimu. Nililia hata hivyo, na nikajichukulia fungu langu humohumo.